Santuri Zilizosafishwa Upya na Haki ya Aliyepiga Kwanza

Mpwa wangu mmoja, baharia, alirejea likizo mwezi uliopita akanikuta barazani nikisahihisha tarjuma. Baada ya kuamkiana alitoa simu, akanionesha picha aliyoipiga katika duka la santuri kwenye bandari moja ya Uingereza: CD mbili za bendi moja, zimesimama ubavu kwa ubavu. Moja ni albamu ya zamani kama ilivyotoka. Ya pili ni mkusanyiko wa nyimbo zilizovuma, na juu yake imebandikwa karatasi inayosema kwamba sauti zote zimesafishwa upya. "Mjomba," akaniuliza, "safari ijayo nichukue ipi? Hii ya pili ni rahisi, tena nyimbo zake ni nyingi."

Nilimjibu kwa pupa kwamba achukue ya kwanza. Usiku, nilipobaki peke yangu, niliona kwamba jibu langu lilikuwa na kiburi ndani yake, kwani mimi mwenyewe niliingia katika muziki huo kwa mlango ule ule niliotaka kumfungia. Basi haya ninayoyaandika ni jibu la pili, refu kuliko la kwanza, na khasa ni historia. Maana suala la kununua au kutonunua haliwezi kujibiwa bila ya kujua zile nyimbo zilipitia mikononi mwa nani kabla ya kufika dukani.

Muziki wenyewe ni hevi metali, muziki wa magitaa mazito uliozaliwa katika miji ya viwanda ya Uingereza mwishoni mwa miaka ya sitini. Najua kwamba wasomaji wa kurasa hizi wengi wao ni watu wa bahari na mizani, wa udi, fidla na kanuni, na sitaki kumbadilisha mtu masikio. Lakini apendaye ushairi hawezi kulipuuza suala la nuskha: ipi ni kauli ya mtunzi, na ipi ni ya mnukuzi aliyekuja baada yake. Suala hilo ndilo nitakalolifuata.

Mwaka 1986, nikiwa kijana wa miaka kumi na sita, jirani yetu mmoja aliyefanya kazi melini aliniachia kaseti ya bendi ya Black Sabbath. Jina lake ni We Sold Our Soul for Rock 'n' Roll, jina ambalo sikuthubutu kumfasiria bibi yangu. Kiingereza changu wakati ule kilikuwa cha kubahatisha. Nilikuwa nikisimamisha kaseti kila baada ya mstari, nikiandika nililolisikia, kisha nikilitafuta katika kamusi iliyokosa kurasa za herufi ya mwisho. Mengi ya maneno yale yametungwa na Geezer Butler, mpiga gitaa la besi, na kwa njia hiyo yeye ni mmoja wa walimu wangu wa kwanza wa lugha ile. Kazi ya tarjuma ninayoila hadi leo ilianzia pale.

Lakini kwa miaka mingi sikujua kwamba kitu nilichokuwa nacho hakikuwa albamu. Kilikuwa ni mkusanyiko, uliotolewa Uingereza Disemba 1975 na Marekani mwanzoni mwa 1976 katika santuri mbili, wenye nyimbo zilizochotwa kutoka albamu sita za kati ya 1970 na 1975. Nilidhani mpangilio ule wa nyimbo ni wa watunzi. Niliuhifadhi kama mtu ahifadhivyo beti za utenzi, ubeti ukiuita ubeti. Nilipoipata albamu ya Paranoid ya Septemba 1970, kiasi cha miaka kumi baadaye, nilikuta kati ya wimbo wa Paranoid na wimbo wa Iron Man kuna wimbo nisioujua kabisa: Planet Caravan. Ni wimbo wa upole mno. Mpiga ngoma, Bill Ward, ameziweka kando dramu zake anapiga konga kwa mikono. Sauti ya Ozzy Osbourne imepitishwa katika spika inayozunguka, inasikika kama mtu anayeimba chini ya maji. Halafu wimbo unafifia, kunakuwa kimya, na katika kimya kile ndipo Iron Man inapoingia na ile ngoma yake ya hatua za jitu. Uzito wa Iron Man, niliouhusudu miaka yote ile, nusu yake ilikuwa imebaki nyuma katika wimbo ambao mkusanyaji aliuacha. Na aliuacha kwa sababu haukuwa umevuma.

Hapo ndipo ulipo ugonjwa wa kwanza wa mikusanyiko, na hevi metali inaugua zaidi kuliko miziki mingine. Muziki huu haukukua kwa redio. Ulikua kwa albamu nzima na kwa majukwaa. Nyimbo zake bora aghalabu ni ndefu, za dakika saba, za dakika nane, ambazo mtangazaji hakuwa na nafasi nazo. Anayekusanya "zilizovuma" anajikuta anakusanya zilizokuwa fupi.

Sisi wa Unguja tuna mfano wa karibu. Farrokh Bulsara, aliyezaliwa hapa tarehe 5 Septemba 1946 na ambaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Freddie Mercury, hakuwa mwimbaji wa hevi metali; bendi yake ya Queen ilikuwa na vyumba vingi, na metali ilikuwa kimoja tu. Mkusanyiko wao wa Greatest Hits wa mwaka 1981 ndio uliouzwa kuliko albamu nyengine yoyote Uingereza, na mauzo yake yalihesabiwa kufikia milioni 7 mwaka 2022. Ni mkusanyiko mzuri, sina la kuusuta. Lakini Stone Cold Crazy haumo. Huo ni wimbo mfupi wa kasi ya ajabu kutoka albamu ya Sheer Heart Attack ya 1974, na ndio ambao Metallica wa Marekani waliurikodi upya mwaka 1990 na kupata kwao tuzo ya Grammy ya metali mwaka 1991. Mtu anayewajua Queen kwa mkusanyiko ule peke yake hatakiona chumba ambacho wanametali waliingia wakatoka na kitu. Metallica wenyewe, kwa taarifa ya msomaji, hawajapata kutoa mkusanyiko wa nyimbo zilizovuma mpaka leo.

Isidhaniwe kwamba kila mkusanyiko ni wa kutupwa. Mwaka 1984 kampuni iliyokuwa na bendi ya Motörhead ilitaka kutoa mkusanyiko, na Lemmy, kiongozi wa bendi, akakataa kazi hiyo ifanywe bila yeye. Alichagua nyimbo mwenyewe, akaandika maelezo ya kila wimbo kwa kalamu yake isiyomstahi mtu, na akaongeza nyimbo mpya nne alizorikodi na wapigaji wake wapya, mmojawapo ukiwa Killed by Death, ambao ukawa miongoni mwa nyimbo zao zinazojulikana mno. Jina la mkusanyiko ni No Remorse, na toleo moja lilivikwa jalada la ngozi. Huo ni mkusanyiko wenye mtunzi ndani yake, na ningemwambia kijana yeyote aununue kabla ya albamu kadhaa za bendi ile. Ama desturi iliyokuja kuenea baadaye, ya kutia nyimbo mpya mbili katika mkusanyiko wa nyimbo kongwe ili mwenye albamu zote alazimike kununua tena, hiyo ni biashara, na tuiite biashara. Mkusanyiko wa Megadeth wa mwaka 2000 ulikuwa wa namna hiyo.

Sasa tuje kwenye lile neno lililobandikwa juu ya jalada: kusafishwa upya.

Bendi ikishapiga na kila chombo kikishasawazishwa na chenzake, hupatikana mkanda mmoja wa asili. Kutoka mkanda huo hadi kwenye santuri kuna hatua moja zaidi. Mhandisi huusikiliza mkanda, akapunguza hapa na kuongeza pale, ili sauti iweze kukaa katika chombo kitakachouzwa. Santuri ya kale ilikuwa na mipaka ya kimaumbile: besi ikizidi, mfereji unapanuka, sindano inaruka, na upande mmoja wa santuri, ambao hubeba dakika ishirini na kitu, unapungua uwezo wake. Kwa hiyo mhandisi alilazimika kuwa na adabu. CD zilipoingia sokoni mwaka 1982, makampuni yaliharakia kuhamisha hazina zao, na mara nyingi walichukua mkanda wowote uliokuwa karibu: nakala ya nakala, au mkanda uliokwisha kupunguzwa besi kwa ajili ya sindano. Ndiyo maana CD nyingi za miaka ya themanini za muziki huu zina sauti nyembamba, kama bendi inayopiga ndani ya kopo.

Kusafisha upya, kwa hivyo, kulianza kwa sababu ya haki. Mhandisi mwema huutafuta mkanda wa mwanzo kabisa. Pengine akiupata huwa umeharibika, kwani mikanda mingi ya miaka ya sabini na themanini hunyonya unyevu hewani mpaka gundi yake ikalainika, ukiuzungusha unanata na kubanduka. Sisi watu wa visiwani hatuhitaji kuelezwa unyevu unavyofanya kwa kanda. Dawa yake ni kuuoka mkanda kwa moto mdogo, saa nyingi, kisha kuunakili mara moja kabla haujarudia hali yake. Nimesikia rikodi zilizookolewa hivyo, za Black Sabbath zikiwemo, na nilisikia vidole vya Butler kwenye nyuzi mahali ambapo kaseti yangu ilikuwa na mngurumo tu. Anayesema kwamba kusafisha upya ni ulaghai mtupu hajakaa na nuskha mbili akazilinganisha.

Lakini tangu miaka ya tisini kazi hiyo ikaingiwa na kitu chengine. CD haina mfereji wala sindano, bali ina dari: sauti ikigonga dari hiyo hukatwa. Vikapatikana vifaa vya kubana sauti, ambavyo hushusha vilele vya juu ili kila kilichobaki kiweze kupandishwa mpaka darini. Matokeo yake, kunong'ona na kupiga kelele vikawa vya kimo kimoja. Dukani au redioni wimbo wa namna hiyo unamshitua msikilizaji kuliko uliotangulia, na kila kampuni ikaogopa isije yake ikasikika ndogo. Mwaka 2008 Metallica walitoa albamu ya Death Magnetic, na mashabiki wakagundua kwamba nyimbo zile zile, zilizotiwa ndani ya mchezo wa kompyuta wa Guitar Hero, zilikuwa na pumzi zaidi kuliko za kwenye CD, kwa kuwa zile za mchezo hazikubanwa kwa kiasi kile. Mhandisi wa hatua ya mwisho, Ted Jensen, alisema kwamba sauti zilimfikia zikiwa tayari zimebanwa.

Msomaji anaweza kuuliza: muziki wenyewe ni wa kelele, kuna hasara gani kelele ikizidishwa? Nitamrudisha kwenye wimbo wa kwanza wa kaseti yangu, ambao pia ni wimbo wa kwanza wa albamu ya kwanza ya bendi ile. Vijana wanne wa Aston, mtaa wa wafanyakazi mjini Birmingham, waliingia studio London Oktoba 1969 na kuirikodi takriban albamu nzima kwa siku moja. Mpiga gitaa, Tony Iommi, alikuwa amekatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwandani akiwa na miaka 17. Aliyeyusha chupa ya plastiki akajitengenezea vifuniko vya vidole, na baadaye akawa analegeza nyuzi ili zisimuumize. Kwenye albamu ya tatu, ya 1971, sauti ya bendi nzima ikazama chini, na ulimwengu ukadhani ni mtindo. Wimbo ule wa kwanza unaanza na mvua. Mvua, radi ya mbali, na kengele ya kanisa inayogonga polepole. Msikilizaji huinamisha sikio kuelekea kwenye spika, na akisha kuinama, ndipo gitaa linapomwangukia kwa noti tatu. Hila yote ni ile ya kumfanya ainame. Ukiipandisha mvua mpaka ilingane na gitaa, hakuna tena anayeinama, na noti zile tatu zinakuwa ni kelele kama alivyosema bibi yangu.

Hayo ya sauti kubwa ni makosa ya mnukuzi mwenye mkono mzito. Yapo makubwa kuliko hayo.

Ozzy Osbourne alipotolewa katika Black Sabbath mwaka 1979 alikusanya bendi mpya, na mwaka 1980 wakatoa Blizzard of Ozz, na 1981 Diary of a Madman. Gitaa lilipigwa na Randy Rhoads, kijana wa California. Besi ilipigwa na Bob Daisley. Ngoma na Lee Kerslake, aliyewahi kuwa na Uriah Heep. Kwa wapenzi wa ushairi niongeze kwamba sehemu kubwa ya maneno ya nyimbo zile imetungwa na huyo Daisley. Albamu ya pili ilipotoka, jaladani waliandikwa wapigaji wengine wawili, walioingia katika bendi baada ya kazi ya studio kwisha. Tarehe 19 Machi 1982 Rhoads alikufa katika ajali ya ndege ndogo Florida. Alikuwa na miaka 25. Albamu mbili zile ndizo takriban urathi wake wote.

Daisley na Kerslake walikwenda mahakamani Marekani kudai mirabaha na kutajwa. Mwaka 2002 albamu zote mbili zikatolewa upya, zimesafishwa, na ndani yake besi na ngoma zao hazimo. Zilifutwa. Mahali pao palirikodiwa upya na Robert Trujillo na Mike Bordin, wapigaji hodari waliokuwa wakifanya kazi na Osbourne wakati huo. Kesi yenyewe baadaye ilitupwa.

Nataka msomaji alitafakari jambo hili hata kama hajapata kuisikia noti moja ya muziki huo. Gitaa la Rhoads likabaki, maana yeye hakuna angeweza kumbadilisha, mashabiki wasingekubali. Lakini mpigaji haongei peke yake. Alipoinua, aliinua kwa sababu ngoma ya Kerslake ilimpa nafasi. Alipokawia, alikawia akiisubiri besi ya Daisley, chumba kimoja, siku moja. Miaka ishirini baada ya kufa kwake akafanywa azungumze na watu ambao hakupata kukutana nao studioni, wanaomjibu maneno ambayo wao wamekwisha kuyajua kabla hajayasema. Nimezisikiliza nuskha zote mbili. Ile ya 2002 haina kosa la mpigo, na pengine ndiyo kasoro yake. Ni kama kumkuta mtu ameondoa mishororo ya mshairi mmoja katika malumbano, akatia ya mwengine yenye vina vile vile, na jina la mjibuji akalibakisha peke yake.

Mwaka 2011 albamu zile zikatolewa tena, na safari hii besi na ngoma za asili zikarudishwa. Kati ya 2002 na 2011 kuna miaka tisa, na kila kijana aliyenunua albamu hizo mpya dukani katika muda huo alisikia kitu ambacho hakikutokea.

Iron Maiden wana mfano mpole zaidi. Mwimbaji wa albamu zao mbili za kwanza, ya 1980 na ya 1981, alikuwa Paul Di'Anno, mwenye sauti ya mtaani, kavu. Aliyemfuata, Bruce Dickinson, ndiye aliyeipeleka bendi mbali. Mkusanyiko wao wa mwaka 1996, Best of the Beast, katika toleo lake kubwa, uliwapa wasikilizaji Di'Anno mwenyewe, mpaka rikodi kutoka The Soundhouse Tapes ya mwaka 1979. Ule wa 2008, Somewhere Back in Time, uliokusudiwa kuwajulisha vijana enzi ya miaka ya themanini, uliziweka nyimbo za awali katika rikodi za jukwaani za albamu ya Live After Death ya 1985, akiimba Dickinson. Hakuna udanganyifu hapo, imeandikwa wazi. Hata hivyo, kijana aliyeanza na mkusanyiko ule alimaliza bila ya kujua kwamba palikuwa na mtu kabla ya Dickinson. Di'Anno alifariki Oktoba 2024.

Na Megadeth nao: mwaka 2004 kiongozi wao, Dave Mustaine, alizichanganya upya albamu zake za zamani, na katika Rust in Peace ya 1990, baadhi ya sauti za mikanda zilipokosekana, aliimba upya akiwa mtu mzima kwa miaka kumi na minne zaidi. Mkusanyiko wa 2005 ulijengwa kwa nuskha hizo. Huyu angalau ni mtunzi anayeisahihisha kazi yake mwenyewe. Washairi tunafanya hivyo kila siku, na aghalabu tunaiharibu.

Wanaonisoma wanajua ninakoelekea. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki kiasi cha mwaka 1840, zilikusanywa miongo kadhaa baada yake, Mwalimu Sikujua akishirikiana na W. E. Taylor, na diwani ikachapishwa na Hichens mwaka 1940. Bila ya wakusanyaji hao tusingekuwa na Muyaka. Lakini kila anayemsoma hujiuliza, penye neno lisilokaa sawa, kama ni la Muyaka au ni la kumbukumbu ya mtu aliyemsomea mtu. Tofauti ni kwamba wao walikuwa wanaokoa kilichokuwa kinapotea. Mikanda ya 1980 ya Daisley na Kerslake haikuwa imepotea.

Mimi binafsi niliwahi kununua CD ya bendi moja ambayo sitaitaja, ikiwa na picha ya zamani jaladani na nyimbo zote ninazozipenda. Nyumbani, kwa kutumia kioo cha kukuzia, nikasoma ukingoni kwamba nyimbo zimerikodiwa upya, na kwamba katika bendi ile amebaki mtu mmoja. Nilisikiliza nyimbo tatu. CD ile sasa inaning'inia kwenye mpapai kutishia ndege, na kazi hiyo inaifanya vizuri.

Lakini hoja yangu hunigeukia pahala pamoja, nami sitalificha. Mwaka 1988 Metallica walitoa ...And Justice for All, albamu yao ya kwanza baada ya mpiga besi wao Cliff Burton kufa katika ajali ya basi Sweden mwaka 1986. Mpiga besi mpya, Jason Newsted, alipiga nyimbo zote. Lakini katika kuzichanganya sauti besi yake ilishushwa mpaka haisikiki. Mwaka 2018 albamu ikasafishwa upya kwa uangalifu mkubwa, na mashabiki wengi wakatumaini kwamba sasa Newsted atasikika. Hakusikika. Bendi iliiacha kama ilivyokuwa. Kama ninatetea haki ya aliyepiga kwanza, je, hapa nisingedai besi ipandishwe? Nimelipima sana. Nadhani walifanya sawa. Dhulma ile, kama ni dhulma, ilitendeka 1988, na albamu ile ndiyo ushahidi wake. Ukimpandisha Newsted leo unaufuta ushahidi na kumfanya aonekane alitendewa wema ambao hakutendewa. Anayetaka kumsikia, wapo mashabiki waliotengeneza nuskha zao zenye besi, na hakuna anayeziita asili.

Kwa hiyo nilimwita mpwa wangu siku mbili kabla hajasafiri. Nilimwambia kwamba mkusanyiko si haramu, na kwamba kwa bei ile ni mlango halali wa kuingilia, mradi augeuze nyuma kwanza asome. Atazame kama mwaka na mahali pa kurikodiwa kila wimbo pameandikwa. Penye uaminifu huandikwa. Atazame ni nani aliyechagua nyimbo. Akikuta za Osbourne za 1980 na 1981 katika mkusanyiko uliotoka baada ya 2002, aulize ni nuskha ipi kabla ya kutoa pesa, na akitaka albamu zenyewe achukue za 2011 au za kale. Akiweza kuisikiliza kabla ya kununua, asisikilize pale pa kelele. Asikilize wimbo unaoanza taratibu, na kama ule mwanzo unampigia masikioni sawa na kiitikio, arejeshe. Ama ile ya Black Sabbath aliyoipiga picha, achukue zote mbili kama mfuko unaruhusu. Kama hauruhusu, achukue albamu, kwa ajili ya Planet Caravan.

Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akataka kujua yale ya kesi yaliishaje, kwa wale wawili waliofutwa. Nikamweleza kwamba Kerslake, akiwa mgonjwa wa saratani, aliomba hadharani apewe santuri za platinamu za albamu zile mbili azitundike ukutani kwake, na Januari 2019 akaletewa. Alifariki Septemba 2020. Osbourne naye aliimba kwa mara ya mwisho na wenzake watatu wa asili, Ward akiwa kwenye ngoma, mjini kwao Birmingham tarehe 5 Julai 2025, na tarehe 22 mwezi ule ule akafariki.

"Na ile kaseti yako ya mwanzo, Mjomba, ingalipo?"

Ingalipo. Upande wa pili umeshika ukungu, na Iron Man hukatika kabla ya kwisha. Aliomba tuisikilize hivyo hivyo, tukaisikiliza.